Moyo Waliomficha Wegesa

Hebu mtazame mwanamke huyu anavyofika. Ni Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, jua la Musoma limeshaanza kuuma. Anatoka Kitaji kwa miguu, mkoba mweusi begani, leso ya kufutia jasho mkononi. Asiyemjua atadhani ni mama anayezungukia maduka bila haraka. Akifika Iringo anasimama kwenye duka la vitenge, anashika kimoja, anakigeuza, anauliza bei, anakirudisha. Mbele kidogo anasimama tena, safari hii penye vyombo vya plastiki. Anainua ndoo ya bluu na kuichungulia ndani kama anatafuta tundu.

"Mama, hiyo haivuji," mwenye duka anamwambia.

"Naona," anajibu, anatabasamu, anaiweka chini na kuendelea na safari.

Hana haja na kitenge, na ndoo nyumbani anazo. Anapumzika tu. Miaka minne sasa amejizoeza kupumzika mbele za watu bila watu kujua, na kazi hiyo ameiweza kuliko hata kushona.

Jina lake Wegesa, umri miaka thelathini na mitatu, mke wa Baltazari na mama wa Gloria. Anashona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, lakini mwaka juzi mumewe aliifunga mota, majirani wakasema fundi Wegesa anaendelea. Hawakujua kwamba miguu ilikuwa inamwisha nguvu kabla ya kumaliza upindo wa sketi moja. Akilala, hulala ameegemea mito mitatu. Akilala chali hukohoa mpaka akae. Ametibiwa malaria ambayo hakuwa nayo, ametibiwa taifodi, amepewa dawa za pumu na za vidonda vya tumbo. Mama mkwe wake ana jina lake la ugonjwa huo: uvivu.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kliniki ya moyo, kwa sababu wiki iliyotangulia alikohoa kwenye leso akaona uzi wa damu. Aliikunja leso akaitia mfukoni, na hapohapo akaamua kwamba sasa basi.

Alipofika alikaa kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa. "Wegesa Mwita!" Aliyeita alikuwa nesi mtu mzima, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Watu walimwita Sista Judith. Aliita jina hilo mara moja, akalitazama tena kwenye faili, akaliita mara ya pili taratibu, kama mtu anayeonja mboga kujua kilichopungua. Akamwelekeza kwa Dokta Eliud, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini.

Dokta alimsikiliza kifuani, mbele na mgongoni. Akampaka mafuta ya baridi, akatembeza kile kifaa chini ya titi la kushoto huku akitazama skrini. Mwishowe akageuza skrini.

"Mama, umewahi kuchunga ng'ombe?"

"Dokta, mimi ni wa kijijini, Buswahili. Nimechunga kabla sijajua kusoma."

"Basi tutaelewana. Jioni ng'ombe wanarudi zizini. Mlango ukiwa mpana wanaingia bila shida. Sasa mlango ukibanwa, anapita mmoja mmoja kwa kujikamua, wale wa nyuma inakuwaje?"

"Wanasongamana. Wanapandana."

"Haya. Moyo una vyumba, na kati ya vyumba kuna vilango. Tunaviita valvu. Damu ikitoka kwenye mapafu inapita kilango hiki hapa, inaingia chumba kinachoisukuma mwili mzima. Unaona hizi kingo? Zilitakiwa kupepea kama pazia. Zako zimekakamaa, zimegandana. Damu inasongamana nyuma, kwenye mapafu. Ndiyo maana ukilala chali unahisi kama unazama."

Wegesa alitazama kile kilango kikijitahidi pale kwenye skrini, kikifunguka nusu, kikishindwa, kikijaribu tena. Alikihurumia kama si chake.

"Kuna mtu amenifanyia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Dokta hakucheka. "Hapana, mama. Hakuna mtu. Huu ni ugonjwa wa kawaida sana, wengi wanao na hawajui. Unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, halitibiwi vizuri. Mwili unapopigana na vijidudu vile, kuna watoto ambao mwili wao unakosea, unapiga na viungo vyao, unapiga na moyo. Utotoni uliwahi kuvimba viungo? Leo goti, kesho kiwiko?"

Alikumbuka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Goti lilivimba kama boga, likapona, likahamia kifundo cha mguu, kisha mkono. Alishindwa hata kushika kikombe. Kaka yake Chrispin alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa kanga ya mama asidondoke, akampeleka kituo cha afya. Na baada ya hapo walikuwa wakienda kila mwezi.

"Wakakuchoma sindano?"

"Kila mwezi, miaka na miaka. Sindano za damu. Mama alisema nina upungufu wa damu. Zinauma hizo, Dokta! Unachechemea siku mbili. Nilipopona wakaniachisha."

Sista Judith, aliyekuwa ameingia na mafaili akakaa mezani kuandika, aliweka kalamu chini.

"Wewe ulikuwaga unaletwa na kaka yako," alisema. "Baiskeli nyekundu. Nikikuchoma unang'ang'ania mkanda wake mpaka suruali inataka kushuka."

Wegesa aligeuka.

"Ni mimi niliyekuwaga nakuchoma kule kituo cha afya, mwanangu. Na hazikuwa za damu. Ile ni penisilini, ya kuzuia ugonjwa usirudi kuupiga moyo mara ya pili na ya tatu. Nilimkalisha mama yako chini, na kaka yako akiwepo. Nikawaambia, huyu mtoto moyo wake umeguswa kidogo, asikose hata mwezi mmoja mpaka awe mtu mzima kabisa. Mkaja vizuri, mkaja vizuri, halafu mkapotea. Nikatuma mtu mpaka kwenu. Akaambiwa mmehamia Sirari."

"Hatujawahi kuhamia Sirari."

"Ndiyo nakuona sasa," Sista Judith alisema, akavaa miwani, akaivua tena.

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Hapo."

Kumi na tisa. Mwaka huo mshenga wa akina Baltazari alianza kuja nyumbani.

Dokta Eliud alieleza yaliyobaki pole pole, na Wegesa aliyasikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Sindano zianze tena, kila baada ya wiki nne. Vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kutuliza mapigo. Chumvi apunguze. Akienda kung'oa jino aseme kwanza ana ugonjwa wa valvu. Mimba asibebe mpaka kilango kifunguliwe, maana mimba huzidisha damu, na damu ikizidi mlango ni uleule. Na kufunguliwa kunawezekana, bila kupasua kifua: Dar es Salaam wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye moyo, mbele yake kuna kiputo, wanakijaza, kingo zilizogandana zinaachana. Ila asichelewe. Kilango cha namna hii hakingoji mtu ajipange.

"Na huko huendi peke yako," alimalizia. "Jumanne ijayo njoo, tujaze fomu ya rufaa. Nataka mtu mmoja wa kusimama na wewe. Wa kuweka sahihi, wa kuwa hapo ukiamka, wa kukukumbusha sindano miaka yote inayokuja. Uchague mtu unayemwamini."

Njia ya kurudi Wegesa hakushika kitenge. Alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, watu wakipita, akakaa mpaka pumzi ikarudi. Dokta alisema hakuna mtu aliyemfanyia. Kumbe wapo.

Ili uelewe alichokuwa anawaza pale kwenye ngazi, lazima ujue desturi ya kwao. Dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka. Ng'ombe wanaingia kwa baba asubuhi, na kabla hawajazoea zizi wanatoka kwenda kwa akina binti mwingine. Kwa hiyo kaka akimtazama dada yake akikua, anatazama na ndoa yake ikikua. Na binti akitolewa na kasoro iliyofichwa, wakwe wakija kugundua, wana haki ya kuita kikao na kudai mifugo yao. Hapo ndoa mbili zinaweza kuvunjika kwa siku moja.

Nyumbani Baltazari alimuuliza, "Hospitali wamesemaje?"

"Wamesema nipumzike."

"Haya. Pumzika basi." Akavuta sahani ya ugali, hakuuliza zaidi.

"Jumamosi nataka kwenda kumwona mama."

"Nenda. Msalimie."

Jumamosi alishuka Makutano, akachukua bodaboda hadi Buswahili. Alimkuta mama yake, Gati, ameinama uani anageuza mihogo kwenye turubai. Wifi yake Hilda, mke wa Chrispin, alimkimbilia, akampokea mkoba, akamletea kiti.

"Wifi, mbona umekonda hivyo? Mjini hawali?"

"Wanakula, wifi. Mimi ndiye nisiyekula."

Gati alimtazama binti yake usoni, halafu miguuni palipovimba juu ya viatu.

"Hilda, kachote maji."

"Maji yapo, mama, nimechota asubuhi."

"Kachote mengine."

Hilda alichukua ndoo, akaondoka akigeuka nyuma mara mbili.

"Mama," Wegesa alisema, "zile sindano zilikuwaga za nini?"

"Sindano gani?"

"Za kila mwezi."

"Si nilikwambia, mwanangu. Za damu."

"Sista Judith anakusalimia."

Mikono ya Gati ilisimama juu ya mihogo. Nzi alitua, hakumfukuza.

"Yuko hai?" alisema hatimaye.

"Yuko hai, na ana kumbukumbu kuliko mimi."

"Baba yako ndiye aliyesema."

"Baba ana miaka tisa kaburini. Hawezi kujibu. Nimekuuliza wewe."

Gati alikaa chini kwenye turubai, palepale kwenye mihogo yake. Alipoanza kusema, alisema kwa haraka kama mtu aliyeyapanga maneno hayo miaka mingi na kuogopa yasije yakachacha. "Ulikuwa umepona! Unakimbia, unachota maji, unacheza ngoma mpaka viatu vinaisha. Mtu anayekimbia utasema ni mgonjwa? Mshenga alikaa hapo ulipokaa. Akauliza, binti ana tatizo lolote? Baba yako akasema hana. Sasa tungeendelea kukupeleka kuchomwa kila mwezi, barabara nzima inaona, watu wangesema nini? Na Chrispin alikuwa anangoja. Miaka ishirini na sita! Wenzake wana watoto wawili wawili, yeye anakula kwa mama yake kama mtoto."

"Na mimi mngeniambia nisingekaa kimya?"

"Wewe? Tangu mdogo mdomo wako hauna breki. Ungemwambia huyo mume siku ya kwanza."

"Ningemwambia, ndiyo. Angeniacha, au angenioa anajua. Lakini ningekuwa na sindano zangu." Alivuta pumzi. "Mama, yule mtoto wangu wa pili. Mimba ya miezi sita, tulipokuwa tunaishi Bunda. Nilizama nikiwa nimekaa kitandani, sina maji hata ya kunywa, nazama. Ulikuja Bunda. Ulinishika kichwa. Ukaniambia ni mapenzi ya Mungu."

Gati alijifunika uso kwa kanga.

"Ulikuwa unajua, mama. Umenishika kichwa na unajua."

Ndipo Chrispin akatokea nyuma ya nyumba, jembe begani, anatabasamu kwa sababu amesikia sauti ya dada yake. Tabasamu lilikwisha katikati ya uwanja. Alimtazama mama, akamtazama Wegesa, akateremsha jembe pole pole.

"Ameshajua," Gati alisema ndani ya kanga.

Chrispin hakukana. Tuseme hilo kwa haki yake. Alichuchumaa akaanza kuondoa udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Nilikuwa nikwambie baada ya harusi," alisema. "Halafu Gloria akazaliwa salama, nikasema basi, imekwisha yenyewe. Halafu mkahamia Bunda. Kila mara nilikuwa na siku ya kukwambia, na kila mara siku hiyo naipita."

Gati alifunua uso. Macho mekundu, lakini akili imesharudi kazini. "Sikiliza, mwanangu. Umeshajua, basi. Tupige, tutukane, tumekosa. Lakini huko hospitali useme ugonjwa umeanzia mjini. Sema hata juzi. Mkwe asijue. Wakijua wataita kikao, na ng'ombe wale hawapo. Wamekuwa Hilda na watoto watano. Tuwarudishie nini? Tumrudishe Hilda kwao?"

Hilda alikuwa amesimama penye kona ya nyumba. Ndoo ilikuwa tupu. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Wegesa aliinuka. Hakula, na kwa kwao kuondoka kwa mama yako bila kula ni tusi kubwa kuliko tusi la mdomo. Chrispin alimfuata njiani kuelekea penye bodaboda. Kila Wegesa aliposimama kuvuta pumzi, naye alisimama, hatua nne nyuma, kama ndama aliyefukuzwa.

"Nikubebe?" aliuliza mara moja.

"Usithubutu."

Walitembea tena.

"Nilifikiri ulikuwa unanibeba kwa sababu unanipenda," Wegesa alisema bila kugeuka.

"Nilikuwa nakupenda, Wege. Jua, mvua, sijawahi kukosa hata mwezi."

"Mpaka ng'ombe walipokaribia."

Wegesa alisimama tena kuvuta pumzi.

"Ungekuwa hunipendi ningekuelewa. Ningesema huyu ni mtu mbaya, nikalala. Sasa hilo pendo lako sijui niliweke wapi. Na Jumanne kliniki wanataka jina la mtu wa kwenda nami Dar."

"Jumanne nitakuja. Nitakwenda na wewe hadi huko Dar."

Bodaboda ilifika. Wegesa alipanda, akamwambia kijana aende taratibu.

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa wakati wenzake wanasimama. Jumatatu mchana alikwenda Iringo kwenye karakana ya mumewe. Baltazari ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi mazuri ya Kitaji ni kazi ya mikono yake. Alikuwa amepiga goti, cheche zinaruka. Alipomwona mkewe alizima mashine, akapandisha miwani ya giza kwenye paji la uso.

Wegesa alikuwa ameamua. Mama anataka uongo, basi yeye atasema kweli, hata kama kikao kitaitwa, hata kama ng'ombe watadaiwa. Alitaka awepo mtu mmoja duniani ambaye kati yake na yeye hapakuwa na kitu kimefukiwa. Kwa hiyo alisema yote akiwa amesimama, hata kiti hakuomba. Baiskeli, sindano, mshenga, Sirari, kilango, waya, kiputo, fomu ya Jumanne. Alipomaliza alikuwa anahema.

Baltazari alitazama geti alilokuwa anaunga.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba una moyo. Nimejua tangu Bunda. Siku ile ya mtoto, daktari wa pale alinitoa nje koridoni. Akasema mkeo ana ugonjwa wa moyo wa siku nyingi, mtu wa namna hii huwa anajua tangu utoto. Nikarudi wodini, umelala. Nikasema akiamka ataniambia."

"Nikwambie nini nisichokijua?"

"Mimi nilijua unajua! Nilikaa pale kwenye kiti nikasema, kumbe mke wangu kanificha miaka yote hii, na sasa nimezika mtoto. Nikasema sitauliza. Aniambie kwa mdomo wake. Nikasubiri wiki, nikasubiri mwezi. Kila ukikohoa nasema leo atasema."

"Miaka minne, Baba Gloria."

"Na kwa mzee wangu nisingeweza kufungua mdomo. Angeita kikao, wangekurudisha kwenu. Mimi sikutaka urudishwe."

"Ulitaka nifie kwako."

"Usiseme hivyo."

"Mama yako akiniita mvivu, ulikuwa umekaa pale. Akisema tuongeze mtoto, ulikuwa umekaa pale. Ulisema 'Mungu akijalia.' Nakumbuka hata ulikuwa unakula nini. Ulikuwa unakula samaki, furu."

Wegesa aliona mota ya cherehani ikimjia akilini. Alikuwa ameipenda sana ile mota. Alikuwa amewasimulia wateja kwamba mume wangu aliniona nachoka, akainunua bila kuambiwa.

"Kumbe na mota uliifunga kwa sababu unajua."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ulinisaidia miguu. Moyo ukauacha."

Fundi wa karakana ya jirani alipunguza sauti ya redio ili asikie vizuri. Baltazari alimtupia jicho, redio ikapanda tena. Kisha akasema kwa unyonge, akitafuta mahali pa kushika: "Hicho kilango kinafunguka kweli? Maana bawaba ikishika kutu, ukiilazimisha sana unaweza..."

"Usinifundishe mageti."

Alikaa hatimaye, kwenye dumu lililopinduliwa, kwa sababu miguu ilikataa. Baltazari alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Aliyanywa. Kiu haijali maji yametoka mkononi mwa nani.

Jumanne alikwenda kliniki peke yake, mapema kuliko wote. Hakumwambia mtu amsindikize. Sista Judith alimpeleka nyuma ya pazia.

"Itauma, mwanangu."

"Naijua."

Safari hii hapakuwa na mkanda wa mtu wa kushika. Alishika chuma cha kitanda. Dawa iliingia nzito kama uji uliopoa, na maumivu yalikuwa yaleyale ya zamani, hayakuwa yamezeeka hata siku moja. Machozi yalimtoka. Sista Judith alimsugua mahali pale kwa kiganja, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Ningekuja mwenyewe, badala ya kutuma mtu."

"Wewe usijilaumu, Sista. Wewe ndiye pekee uliyenitafuta."

Dokta Eliud alikuwa ameshajaza fomu. Tarehe zilikuwepo, vipimo vilikuwepo, gari la kwenda Dar lilikuwa baada ya siku tisa. Ulibaki mstari mmoja chini. Aligeuza karatasi, akaielekeza kwake pamoja na kalamu.

"Jina la mtu wako, mama. Na namba ya simu. Mstari huu ukiwa wazi hawakupokei."

Wegesa alishika kalamu.

"Sista, wewe?"

"Ningekuwa nina ruhusa ningekwenda hata leo. Sina." Sista Judith alisogeza pazia la dirisha. "Lakini hapo nje kuna watu watatu. Nimewauliza kila mmoja kivyake. Wote wamesema ni wako."

Wegesa alitazama. Kwenye benchi la nje walikaa kwa kuachana, kama watu wasiojuana. Baltazari amevaa shati la harusi, kovu la cheche shingoni, ameshika bahasha yenye kitambulisho chake, tayari. Chrispin amevaa viatu vya kanisani vyenye vumbi la njia nzima, macho chini. Na mwisho wa benchi mama yake, ambaye anaogopa magari na hajapanda gari la masafa tangu safari ile ya Bunda, amefunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayekwenda mbali.

Mumewe alikuwa na siri miaka minne, lakini ndiye aliyekataa arudishwe. Kaka yake alimuuza, lakini miaka minane jua na mvua hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja, na Dokta alitaka mtu wa sindano. Mama yake ndiye aliyeanzisha uongo wa sindano za damu, na alikuwa amekaa pale ameshikilia benchi kwa mikono miwili.

Watu wengine hakuwa nao. Gloria ana miaka kumi na mmoja.

"Chukua muda wako," Dokta Eliud alisema, lakini alitazama saa, maana foleni ilikuwa ndefu.

Wegesa aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Kilango chake kilikuwa kinapiga, kinafunguka nusu, kinajaribu tena, na wale watatu wote walikuwa wameinua vichwa kulitazama dirisha.

Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?